Hewa Iliyopotea Njia

  

Mimi ni muuguzi, na miaka mingi ya kazi yangu imepita katika wodi za upasuaji. Leo nimekuja na jambo ambalo watu wengi hawajawahi kulisikia mpaka siku linapowakuta, na likiwakuta linawatia hofu kubwa. Nalo ni hewa kunasa chini ya ngozi baada ya upasuaji. Ndiyo, hewa. Hewa hii hii tunayovuta puani.

Utaniuliza: hewa inaingiaje chini ya ngozi ya mtu? Nitaitambuaje? Je, inaua? Na mimi ninayemuuguza ndugu yangu, nifanye nini? Maswali hayo manne ndiyo mazungumzo yetu ya leo. Vuta kigoda, ukae.

Nianze na mama mmoja. Nilikuwa zamu ya usiku, na mama huyo akanijia mezani mbio, hana hata kandambili miguuni. Mwanawe, kijana wa bodaboda, alikuwa amevunjika mbavu katika ajali, na siku iliyotangulia alikuwa amewekewa mpira kifuani. Mama akaniambia, "Sista, njoo umwone mwanangu. Uso si wake."

Nikaenda. Nikamkuta kijana ameketi kitandani, amevimba kuanzia kifuani, shingoni, mpaka kope. Jicho moja lilikuwa limefumba kabisa. Juu ya kabati la kando palikuwa na kichupa cha mafuta ya nazi, kifuniko kimefunguliwa. Mama alikuwa ameanza kumchua mwanawe shingo, akidhani yale ni maji. Akaniambia, "Sista, kila nikipitisha mkono nasikia vitu vinapasukapasuka ndani. Kama mchele mkavu ndani ya kifuko."

Nikaweka vidole juu ya mtulinga wa kijana, nikabonyeza taratibu. Ilikuwa vile vile alivyosema mama. Chembe ndogo ndogo zilichakarika chini ya vidole vyangu, zikakimbia, zikarudi. Nikainama, nikaufuata ule mpira kwa mkono, kutoka kifuani kwenda chini. Ulipofika ubavuni pake, kijana alikuwa ameulalia, umekunjika kama mpira wa bustani uliokanyagwa. Chini ya kitanda, maji ndani ya chupa unakoishia mpira huo yalikuwa yametulia tuli. Nikamsogeza, nikaunyoosha mpira, na papo hapo maji yakaanza kutokota ndani ya chupa, povu juu ya povu. Hewa ilikuwa imepata njia yake. Tukamwita daktari, picha ya kifua ikapigwa, na mpira ukahakikishwa kuwa uko mahali pake. Baada ya siku chache jicho lilifumbuka. Kabla ya wiki mbili kuisha, mama alikuwa amerudishiwa uso wa mwanawe.

Sasa sikilizeni kwa nini nimeanza na kisa hiki. Mama yule hakusomea uuguzi wala udaktari. Lakini mkono wake uligundua jambo, na mdomo wake haukunyamaza. Aligusa, kisha akasema. Ukiondoka hapa leo na jambo moja tu, ondoka na hili: uvimbe wa hewa ni mjumbe. Ukimwona mjumbe, uliza ametoka wapi. Hewa iliyo chini ya ngozi mara nyingi haidhuru sana, lakini tundu linaloitoa linaweza kudhuru. Kwa hiyo tusihangaike na uvimbe tukasahau tundu.

Haya, twende kwenye swali la kwanza. Hewa inaingiaje?

Mwilini mwetu hewa ina makao yake: pua, koo, mapafu, tumbo na utumbo. Nje ya hapo, hewa ni mgeni aliyepotea njia. Na chini ya ngozi yetu, kati ya ngozi na nyama, kuna tabaka laini, legevu, lenye mafuta. Umewahi kumwona mchinjaji akitoboa tundu dogo mguuni mwa mbuzi aliyekwisha kuchinjwa, akapuliza? Anapuliza mguuni, lakini ngozi inatuna mpaka tumboni na shingoni. Hakuna aliyeipeleka hewa huko. Tabaka lile ni moja, limeungana mwili mzima, na hewa ikishaingia hutambaa penye ulegevu. Ndiyo maana mtu anaweza kupasuliwa ubavuni akavimba kope. Ndiyo maana wengine huvimba hata korodani, wakaona haya kusema. Baba, kaka, usione haya. Sema.

Hewa ina milango mitatu mikubwa ya kupitia. Nitaitaja mmoja mmoja.

Mlango wa kwanza ni kifua. Pafu likitoboka, kwa ubavu uliovunjika, kwa ugonjwa, au baada ya upasuaji wa kifua, hewa hutoka nje ya pafu na kujaa kati ya pafu na ukuta wa kifua. Ndipo daktari anapoweka mpira wa kifuani, na ncha ya chini ya mpira huzamishwa kwenye maji ndani ya chupa, ili hewa itoke na isiweze kurudi. Mpira ukiziba kwa damu iliyoganda, ukikunjika, au ukichomoka kidogo hata matundu yake ya pembeni yakabaki chini ya ngozi badala ya kuwa ndani ya kifua, hewa itatafuta njia nyingine. Njia iliyo karibu ni kidonda chenyewe, kisha chini ya ngozi. Hata mgonjwa aliye kwenye mashine ya kupumulia anaweza kupata hali hii, kwa kuwa mashine husukuma hewa kwa nguvu, na palipo na tundu hewa itapenya.

Mlango wa pili ni tumbo. Siku hizi upasuaji wa tundu dogo umeenea. Huko Ujerumani, daktari Kurt Semm alitoa kidole tumbo kwa njia hiyo mwaka 1980, na mwenzake Erich Mühe akatoa kibofu cha nyongo mwaka 1985. Leo njia hiyo inatumika hata katika hospitali zetu kubwa. Ili daktari aone vizuri, tumbo hujazwa gesi ya kaboni dayoksaidi, likainuka kama hema. Kwa nini gesi hiyo? Kwanza haishiki moto, na ndani ya thieta kuna vifaa vya umeme vya kuchomea mishipa. Pili, huyeyuka upesi kwenye damu, ikaenda mapafuni, mgonjwa akaitoa kwa kupumua. Lakini wakati mwingine sehemu ya gesi hupenya pembeni mwa vile vitundu, ikaingia chini ya ngozi. Mgonjwa anaamka, tumbo au kifua kinachakarika. Mara nyingi hii huisha ndani ya siku moja au mbili. Na ukisikia bega linauma baada ya upasuaji wa namna hii, mara nyingi ni gesi iliyobaki inasumbua kiwambo cha chini ya mapafu, ambacho mshipa wake wa fahamu unaanzia shingoni, basi maumivu hujitokeza begani. Hata hivyo, mwambie nesi, akuangalie.

Mlango wa tatu ni shingo na kinywa. Aliyetobolewa koo ili apumue anaweza kuvimba, hasa kama ngozi imeshonwa au imebanwa sana kuzunguka kibomba. Na jino, wasikilizaji! Wengi hawadhani. Baadhi ya mashine za kutobolea meno huendeshwa kwa upepo wa nguvu, na upepo huo ukipenya palipochanwa ufizi, shavu huvimba mgonjwa akiwa bado kitini. Mwaka 1900 madaktari waliandika habari za mtu aliyepuliza tarumbeta muda mfupi baada ya kung'olewa jino, hewa ikapenya kwenye pengo, uso ukavimba. Basi ndugu zangu wapiga matarumbeta wa harusini, na ninyi wapiga zumari, mkitoka kung'oa jino, mwulizeni daktari lini mtarudi kazini. Na sisi wengine, siku hizo tusipenge kamasi kwa nguvu, tusipulize maputo ya watoto.

Milango mitatu: kifua, tumbo, na shingo pamoja na kinywa. Tumeelewana? Vizuri.

Swali la pili. Nitautambuaje uvimbe wa hewa?

Uvimbe wa hewa hutambuliwa kwa vidole. Kawaida ya uvimbe huu ni kwamba ukibonyeza taratibu unachakarika. Wengine husema ni kama mchele mkavu, wengine kama bisi zinazopasuka kwa mbali, wengine kama yale makaratasi ya plastiki yenye vipovu yanayofungiwa televisheni. Huja haraka, pengine kwa saa chache tu. Mara nyingi hauumi sana, hauna joto, na ngozi haibadiliki rangi.

Sasa ulinganishe na uvimbe wa aina nyingine. Uvimbe wa maji, ukiubonyeza kwa kidole ukaachia, hubaki shimo, kama kidole kilichobonyeza unga uliokandwa. Uvimbe wa damu hujaa karibu na kidonda, huwa mgumu, huuma, na ngozi huweza kupiga wekundu au weusi wa damu iliyovilia. Uvimbe wa usaha una joto, unauma, na mara nyingi homa imo. Uvimbe wa mzio, labda kutokana na dawa aliyochomwa, huja na mwasho, vipele, midomo kuvimba, na wakati mwingine kifua kubana. Huo wa mzio nao ni wa hatari, usikae ukilinganisha. Ita msaada hapo hapo.

Na kuna mmoja unaoweza kukudanganya. Huo unachakarika kama hewa, lakini unauma kupita kiasi, mgonjwa ana homa, ngozi inabadilika rangi, kidonda kinatoa majimaji yenye harufu mbaya. Hapo hewa haikutoka pafuni. Imetengenezwa na vijidudu vinavyoozesha nyama ndani. Hiyo ni dharura ya kukimbilia thieta, na kila saa ina thamani. Kwa hiyo kumbuka: unachakarika bila maumivu makubwa, mwite nesi. Unachakarika na unauma sana, mgonjwa ana homa, mwite nesi kwa sauti.

Mimi huwafundisha ndugu wa wagonjwa maneno matatu. Gusa, chora, sema. Gusa: pitisha vidole vilivyo safi, taratibu, mbali na kidonda. Chora: mwombe nesi achukue kalamu, achore mstari kwenye ukingo wa uvimbe, aandike saa. Kwa nini kuchora? Kwa sababu jicho lililokesha hudanganya. Saa nane usiku kila kitu huonekana kimekua. Lakini mstari wa kalamu haudanganyi. Uvimbe ukivuka mstari, tunajua tundu bado linatoa hewa. Usipovuka, tunapata moyo. Sema: mwambie muuguzi au daktari, na zamu ikibadilika, sema tena. Gusa, chora, sema.

Swali la tatu. Je, hewa hii inaua?

Nitajibu bila kuzunguka. Mara nyingi, hapana. Mwili wenyewe huinyonya kidogo kidogo, na kwa siku chache hadi wiki mbili hivi uvimbe huwa umekwisha. Sura hutisha kuliko ugonjwa. Lakini zipo nyakati ambapo maisha ya mtu huwa hatarini, na dalili zake lazima tuzijue.

Sikiliza kupumua kwake. Anahema mbio? Anashindwa kumaliza sentensi moja bila kupumzika? Sikiliza sauti yake. Imebadilika, imekuwa nyembamba au ya puani, kama si yake? Angalia shingo. Imekaza, anashindwa kumeza hata mate? Angalia midomo na kucha. Zimekuwa na rangi ya majivu au buluu? Je, kifua kinamuuma ghafla, mapigo ya moyo yanakwenda mbio, anatokwa jasho la baridi, anataka kuzimia? Mojawapo ya hayo ikitokea, usingoje daktari apite asubuhi. Kama uko wodini, ita kwa sauti. Kama uko nyumbani, tafuta usafiri sasa hivi.

Ipo pia dalili ya wale wa upasuaji wa tumbo. Nilisema gesi ya upasuaji wa tundu dogo mara nyingi huisha ndani ya siku moja au mbili. Je, ikiwa siku ya pili au ya tatu uvimbe unaongezeka badala ya kupungua, tumbo linauma, na homa inapanda? Hiyo siyo gesi iliyobaki. Huenda utumbo una tundu. Rudi hospitali siku hiyo hiyo.

Sasa swali la nne, ambalo ndilo kubwa kwa sisi tunaouguza. Nifanye nini?

Umewahi kumtazama fundi baiskeli akitafuta pancha? Hatazami tairi lilivyolala akalia. Anatoa tyubu, anaijaza upepo, anaizamisha kwenye karai la maji, anaizungusha polepole mpaka vipovu vionekane. Hapo ndipo penye tundu. Chupa ya mgonjwa mwenye mpira kifuani ni karai lile lile. Maji yanatueleza mambo. Mgonjwa akivuta pumzi na kuitoa, maji ndani ya kibomba hupanda na kushuka. Akikohoa, vipovu vikitoka, mara nyingi maana yake pafu bado lina tundu, na hewa inatoka ilipopaswa kutoka. Lakini mgonjwa anavimba na maji yametulia tuli? Hapo shuku kwamba mpira umeziba.

Kwa hiyo, unapokaa kando ya mgonjwa mwenye mpira, fuata mpira kwa macho kutoka kifuani mpaka chupani. Kwanza, tazama kama umekunjika, au mgonjwa ameulalia, au umebanwa na kitanda. Pili, tazama chupa. Lazima iwe chini ya kifua cha mgonjwa wakati wote, awe amelala, ameketi, au anakwenda msalani. Ikiinuliwa juu ya kifua, maji yanaweza kurudi ndani. Tatu, tazama kama chupa imesimama wima na ncha ya kibomba imezama majini. Nne, tazama bandeji. Imelowa? Imeachia? Mpira unaonekana mrefu kuliko jana? Ukiona lolote kati ya hayo, ita nesi. Mpira ukichomoka wote, usithubutu kuurudisha. Funika tundu kwa kitambaa safi na uite msaada papo hapo.

Jambo moja narudia mara mbili. Usibane mpira wa kifuani unaotoa vipovu. Narudia, usibane mpira wa kifuani unaotoa vipovu, hata kwa dakika chache za kumhamisha mgonjwa kwenda kupigwa picha. Ukiubana, hewa inajaa kifuani, inalikandamiza pafu, kisha inaukandamiza moyo, na mtu anaweza kufariki mbele ya macho yako.

Na hospitali wao watafanya nini? Ni vizuri ujue, ili usishangae wala usikatae. Daktari atapima, ataomba picha ya kifua, atatafuta chanzo. Mpira ulioziba utazibuliwa au kubadilishwa, pengine uwekwe mnene zaidi, au wa pili. Mgonjwa anaweza kupewa oksijeni nyingi. Watu huuliza, mbona ana hewa nyingi mwilini na mnamwongezea nyingine? Swali zuri. Hewa tunayovuta, sehemu 78 kati ya 100 ni naitrojeni, na hiyo naitrojeni ndiyo inayochelewa kunyonywa chini ya ngozi. Mgonjwa akivuta oksijeni tupu, naitrojeni hupungua kwenye damu, na ile iliyonasa chini ya ngozi hupata nafasi ya kuingia kwenye damu na kutoka kwa pumzi. Oksijeni inaifungulia mlango.

Uvimbe ukiwa mkubwa mno na unabana koo, daktari anaweza kuchana michano midogo chini ya mitulinga ili hewa itoke, au kuweka vibomba vyembamba chini ya ngozi. Kwa wachache sana, njia ya hewa itabidi ilindwe kwa mpira wa kooni au kwa kutoboa koo. Kwa aliyetibiwa jino, mara nyingi huongezewa dawa za kuua vijidudu, kwa kuwa upepo ule hubeba vijidudu vya kinywani. Na kwa wengi, wasikilizaji, kwa wengi kabisa, matibabu ni kuangaliwa tu: kuchora mstari, kupima pumzi, kusubiri. Ukiona daktari hatoboi wala hachani, usidhani amempuuza mgonjwa wako. Akishaziba ufa, hana haja ya kujenga ukuta.

Kwenye karatasi za hospitali unaweza kuona neno emfisema. Usitishike. Ipo emfisema ya mapafu, ugonjwa wa muda mrefu unaowapata hasa wavuta sigara. Hii yetu ni emfisema ya chini ya ngozi. Jina linafanana, ugonjwa ni mwingine.

Naomba sasa niseme ya kutofanya, na nayasema kwa upendo, kwa kuwa najua yanafanywa kwa upendo. Usimchue mgonjwa. Kuchua hakutoi hewa, huisambaza tu na kumwumiza mwenye kidonda. Usimkande kwa maji ya moto. Ngozi iliyotuna huungua upesi. Usimchome sindano nyumbani, usimchanje kwa wembe. Hewa imesambaa katika vipovu vingi visivyohesabika, na sindano yako itaingiza vijidudu tu. Usimvutishe sigara wala moshi wa dawa. Na tafadhali sana, usianze kutafuta mtu aliyemroga. Nimeona familia zikigombana kitandani pa mgonjwa kwa sababu ya uso uliovimba, na huku mpira umekunjika chini ya godoro.

Akisharuhusiwa kurudi nyumbani, mambo mawili. La kwanza, asipande ndege mpaka daktari amhakikishie kwa picha kwamba kifua chake hakina hewa iliyonasa, kwa kuwa huko juu hewa hutanuka. Hili nawaambia hasa wanaokwenda kutibiwa India na kutamani kuwahi nyumbani. La pili, kwa ndugu zangu wa pwani wanaozamia pweza na majongoo ya bahari: aliyewahi kutobokwa na pafu asirudi kuzamia kabla ya kumwona daktari na kumweleza kazi anayoifanya.

Wasikilizaji wapenzi, muda unatutupa mkono. Tukusanye tuliyoyasema. Hewa chini ya ngozi huchakarika kwa vidole. Hupitia kifua, tumbo, au shingo na kinywa. Mara nyingi huisha yenyewe, lakini pumzi ikibana, sauti ikibadilika, kumeza kukiwa kugumu, au homa na maumivu makali yakija, hiyo ni dharura. Usichue, usichome, usibane mpira. Gusa, chora, sema.

Yule mama wa mafuta ya nazi aliniomba radhi usiku ule. Akasema, "Sista, nisamehe, nimekusumbua." Nikamwambia, na leo nawaambia nyote mtakaokwenda wodini jioni hii na chupa ya uji mkononi: hujatusumbua. Wewe unakaa na mgonjwa saa nyingi, mimi nina vitanda vingi na macho mawili. Ukiona uso si wake, njoo uniite, hata bila viatu.